Chakula cha msimu katika nchi ya kiangazi: tathmini ya mgahawa mmoja wa barabara ya Iringa, Dodoma

Mgahawa wowote wa Dodoma unaojinadi kwa chakula cha msimu unapaswa kupimwa mwezi wa Oktoba. Machi si kipimo, kwa sababu Machi kila jiko la mkoa huu lina majani ya maboga, kunde mbichi na mahindi ya kuchoma, na hata mpishi mvivu anaweza kujaza sahani rangi ya kijani bila kutoka jasho. Mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na kwa mwaka mzima ni wastani wa milimita 500 hadi 600 tu. Baada ya hapo ni upepo, vumbi na jua kwa zaidi ya nusu mwaka, na hapo ndipo mteja anaweza kujua kama wenye mgahawa wanayaamini wanayoyaandika ukutani au wanayaandika kwa kuwa yanavutia macho. Kwa hiyo nilianza kula katika mgahawa huu kiangazi kikiwa kimeshika, kisha nikarudi wakati wa mvua, ili hukumu yangu isiegemee upande mmoja.

Mgahawa wenyewe uko kando ya barabara iendayo Iringa, ukishaipita Mkonze na kabla hujafika Mpunguzi, mahali ambapo nyumba za mji zinaanza kutawanyika na mashamba ya zabibu yanaanza kujitokeza. Sitautaja jina, maana baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifu, nami sipendi kumharibia mtu biashara kwa makosa anayoweza kuyarekebisha kesho. Mkazi wa Dodoma atautambua kwa mibuyu miwili iliyosimama langoni. Anayekwenda kwa gari apunguze mwendo mapema, kwa kuwa kibao chao ni kidogo na jua limekwisha kukifubaza.

Jengo halina makuu, na hilo ni sifa. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila moto, badala ya tofali za kuchoma ambazo tanuru lake hula kuni usiku na mchana. Madirisha makubwa yanaelekeana, hivyo upepo unaotuudhi barabarani unafanya kazi ya maana ndani ya ukumbi, na hata saa nane mchana sikutamani kiyoyozi. Mifereji ya bati inapeleka maji ya mvua kwenye tangi lililochimbiwa ardhini. Meza ni za mbao zilizotumika kwingine, nazo baadhi zinayumba. Ukipewa meza inayoyumba, omba uhamishwe kabla supu haijaletwa.

Menyu huandikwa kwa chaki kwenye ubao mmoja tu. Mwezi wa Oktoba ubao huo ulikuwa mfupi kiasi cha kumshangaza mtu aliyezoea menyu za kurasa nyingi za mjini: ugali wa uwele au wa mtama, mlenda mkavu, majani makavu ya kunde kwa karanga, choroko, kande za njugu mawe, kuku wa kienyeji, samaki wa Mtera, na kwa kinywaji juisi ya ubuyu au ya ukwaju. Mhudumu, kijana mwenye adabu ambaye alitupokea kwa "Mbukwa", salamu ya Kigogo, kisha akamwamkia shangazi yangu "Shikamoo bibi" kabla ya kutuonyesha pa kukaa, alikuwa na kazi ya ziada ya kueleza kwa nini vitu vingine havipo. Mama mmoja wa meza ya jirani aliuliza matembele.

"Samahani mama, matembele hayapo mpaka mvua ziingie," kijana alijibu. "Tuna mlenda mkavu, kunde kavu na choroko."

"Mwanangu, mboga mbichi zimejaa Majengo sokoni. Mmeshindwa kununua?"

"Zipo mama, lakini ama zimetoka mbali ama zimemwagiliwa. Hapa tunapika kilichopo nyumbani."

Yule mama hakuonekana kuridhika, ila aliagiza choroko na sahani ilirudi jikoni ikiwa tupu. Mimi jibu hilo lilinitosha. Mgahawa unaomkatalia mteja mwenye pesa mkononi, na kumweleza sababu bila kumfanya ajione mjinga, umekwisha kufanya sehemu ngumu ya kazi.

Mlenda uliletwa katika chungu kidogo cha udongo, ungali unatokota pembeni. Rangi yake ilikuwa ya kijani kilichoelekea kahawia, rangi ya majani yaliyokutana na jua, na karanga zilikuwa zimetwangwa badala ya kusagwa, hivyo ulimi ulikutana na vipande vidogo kila baada ya tonge. Ugali wa uwele, wa kijivu na mzito, ulikuwa umesongwa ukaiva hadi ndani, jambo ambalo jiko la haraka haliwezi, kwa kuwa unga wa uwele usiopewa muda huacha uchungu mwishoni mwa ulimi. Ukichovya na kunyanyua mkono, mlenda unafuata kwa uzi mrefu, na uzi huo hukatwa kwa kidole ukingoni mwa chungu. Anayetaka kuula kwa kijiko atataabika na shati lake litasimulia. Walituletea maji ya kunawa bila kuombwa, ya vuguvugu, pamoja na sabuni, na walirudi nayo tulipomaliza.

Shangazi yangu, aliyezaliwa na kukulia Mvumi, katika nchi ya Wagogo, na ambaye kwa miaka yote ninayomfahamu hajawahi kusifu chakula alichopikiwa na mtu mwingine, alionja mara mbili, akatulia, kisha akasema: "Umepikwa na mtu anayeogopa magadi." Alikuwa na haki. Utelezi, ambao magadi huuongeza, ulikuwapo, lakini ulikuwa umepunguzwa, nadhani kwa kuwahurumia wageni wa kutoka Dar es Salaam na Mwanza wanaokutana na mlenda kwa mara ya kwanza wakiwa na nguo za ofisini. Naelewa sababu yake kibiashara. Hata hivyo, kama ubao unaahidi mlenda wa nyumbani, mpishi angeweza angalau kumuuliza mteja anautaka wa namna gani. Siku nyingine, nilipokuja peke yangu, nilisaga punje ya mchanga. Mboga zilizoanikwa Dodoma hukusanya vumbi, hilo halina mjadala, lakini kila mama wa Kigogo anajua kupepeta na kuchekecha, na jiko linalotoza bei ya mgahawa halina udhuru.

Nimeuzungumzia mlenda kwa kirefu kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba wenye mgahawa wameielewa nchi waliyomo. Wazo la chakula cha msimu limetufikia kwa sehemu kubwa kutoka nchi ambazo mvua hunyesha karibu kila mwezi, ambako kufuata msimu maana yake ni kula kilichochumwa asubuhi. Ukilichukua wazo hilo hivyo hivyo ukalileta hapa, utalazimika kumwagilia majani ya saladi mwezi wa Oktoba, katika mji ambao kwa kiasi kikubwa hutegemea visima vya bonde la Makutupora kwa maji ya kunywa, kisha utayaita majani hayo rafiki wa mazingira. Watu wa nchi hii walikwisha kulipatia jambo hili jibu jingine zamani. Mvua zikiwapo, majani ya porini na ya shambani huchumwa kwa wingi, mengine huchemshwa kwanza, huanikwa, hutwangwa, na huhifadhiwa pamoja na nafaka na karanga hadi mvua nyingine. Kwa hiyo msimu wa Dodoma una nusu mbili, ya kuchuma na ya kufungua akiba, na chakula cha akiba ni cha msimu sawasawa na kile kilichochumwa leo. Mgahawa huu umelijua hilo. Nyuma ya jiko kuna chumba chenye giza na upepo wa kutosha, na ukiomba wanakuruhusu uchungulie: magunia ya uwele na njugu mawe juu ya vichanja, vilindo viwili vya gome la mti ambavyo nadhani vipo zaidi kwa kupendeza, na mitungi ya majani makavu yenye karatasi zinazotaja kijiji na mwezi wa kuanikwa. Mlenda niliokula Oktoba ulikuwa umeanikwa Machi.

Vyakula vingine vya kiangazi havikulingana ubora. Kuku wa kienyeji alikuwa kuku kweli, aliyetembea na kuchakura, na supu yake ilikuwa na mafuta ya manjano juu. Subira inahitajika, maana nyama yake huchukua muda kulainika na hawaitii chochote cha kuiharakisha. Kande za njugu mawe zilikosa chumvi na mengineyo, nami sizipendekezi. Samaki ndio walionisumbua zaidi. Ni perege waliokaushwa kwa moshi kutoka bwawa la Mtera, kiasi cha zaidi ya kilomita 100 kwa barabara hiyo hiyo, na mchuzi wao wa karanga ni mzuri kupita maelezo. Lakini waliokuwa sahanini kwangu walikuwa wadogo, urefu wa kiganja. Mgahawa unaojali mazingira hauwezi kununua samaki ambao hawajapata nafasi ya kuzaa halafu ukajisifu kwamba wametoka karibu. Nilimweleza mhudumu, akaahidi kufikisha ujumbe jikoni, na niliporudi miezi kadhaa baadaye samaki hawakuwamo ubaoni kabisa. Sijui kama maneno yangu yalichangia.

Kuna pia suala la chipsi. Hazijaandikwa ubaoni, ila ukiwa na watoto utaona zikipita, kwa kuwa mzazi akiomba hukubaliwa. Viazi mviringo hivyo vinatoka Njombe, na maneno yaliyochorwa ukutani yanasema kila kilichomo sahanini kimetoka Dodoma, Singida au bonde la Ruaha. Mafuta ya alizeti ya kukaangia ni ya Singida, nayo yana harufu nzuri ya alizeti iliyokamuliwa bila kusafishwa kupita kiasi, lakini mafuta hayawezi kuvibadilishia viazi asili. Ama wafute maneno ya ukutani ama waache chipsi. Mimi ningewashauri wakaange viazi vitamu, ambavyo watoto hawavikatai.

Niliporudi mvua zikiwa zimekolea, nilitarajia mgahawa uwe bora zaidi, nao ulikuwa umepungua. Ubao ulikuwa umejaa hadi pembeni: mlenda mbichi, majani ya maboga, kunde, mgagani, mahindi ya kuchoma, boga la nazi (nazi hiyo imetoka wapi, nilijiuliza), mbuzi wa kuchemsha, maziwa mgando. Jiko lililokuwa likipika vyakula vichache kwa utulivu sasa lilikuwa likikimbizana na vingi. Majani ya maboga yaliiva kupita kiasi hadi yakapoteza rangi, mgagani ulikuwa mchungu kwa sababu haukuchemshwa vya kutosha na maji yake kumwagwa, na tulisubiri kwa zaidi ya saa moja ndipo tukaambiwa mbuzi amekwisha. Ni kana kwamba wingi wa mvua umewapa ruhusa ya kusahau walichokuwa wakikifanya kwa makini wakati wa uhaba.

Viwili viliokoa mlo huo. Cha kwanza ni maziwa mgando, ambayo kiangazi hayakuwapo kwa sababu ng'ombe wa asili wakikosa malisho maziwa hupungua na yaliyopo huachiwa ndama. Sasa yalikuja mazito, yametulia, yenye ukali wa kiasi, na kwa ugali wa mtama yalikuwa mlo kamili ambao haukuhitaji mboga. Cha pili ni zabibu. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na tulikuta mavuno ya mwanzoni mwa mwaka: bakuli la zabibu nyekundu zilizopoozwa, zikiwa bado na vikonyo, bila sukari wala mapambo yoyote. Kwa anayependa kuna pia mvinyo wa hapa hapa unaouzwa kwa glasi.

Kuhusu nishati, jiko kubwa linatumia gesi ya mitungi pamoja na biogesi inayotokana na kinyesi cha ng'ombe, na moto wake niliuona kwa macho yangu, wa buluu na usio na moshi. Lakini nyuma ya ukuta, mahali ambapo mgeni hapiti kama hakutafuta, kuna jiko la nyama choma linalowaka kwa mkaa. Nilipouliza niliambiwa kwamba wateja wa nyama choma hawataki ladha ya gesi. Huenda ni kweli, na serikali yenyewe, kwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, imejipa muongo mzima kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi, kwa hiyo si haki kudai mgahawa mmoja ufike kabla ya wote. Ninachokataa ni kimya chao. Mkoa huu umelipa gharama kubwa ya kukata miti: huko Kondoa mmomonyoko ulifikia kiasi cha kuanzishwa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Anayechoma mkaa katika mkoa wenye historia hiyo, tena akijiita rafiki wa mazingira, auandike mkaa huo ubaoni kama anavyoandika mlenda, mteja achague mwenyewe. Kwa upande mwingine niwape sifa yao: eneo la nyuma ya kiwanja limeachwa visiki vichipue na kupogolewa, kwa njia ambayo wakulima wengi wa Dodoma wanaijua kwa jina la Kisiki Hai, na machipukizi yake yamekwisha kumzidi mtu kimo.

Maji ya kunawia na kuoshea vyombo yanapita kwenye kichujio cha kokoto na mchanga, kisha yanaishia kwenye mipapai. Mabaki ya chakula hupewa kuku na mbuzi. Hayo yote ni mazuri, ndiyo maana inashangaza kuona meza zimepambwa kwa maji ya chupa za plastiki. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na mgahawa huu hauna hata mrija mmoja. Lakini chupa zinauzwa, na wahudumu huzifungua haraka kabla mteja hajasema kitu. Mtungi wa maji yaliyochujwa upo karibu na kaunta, ni ya bure, ni ya baridi, na hayana ile chumvichumvi ya visima vyetu. Mpaka uuombe, hutaambiwa kwamba upo.

Jambo moja dogo nililolipenda ni kwamba kabla ya kupakua huulizwa unataka ugali mkubwa au mdogo, na mdogo una bei ya chini. Sahani chache sana zilirudi na mabaki. Ukibakiza, hawana vifungashio vya kukupa. Wanashauri uje na hotpoti yako, na niliona familia kadhaa zimekwisha kuzoea.

Bei si za mama lishe. Ugali wa uwele kwa mlenda ni shilingi 6,000, nusu kuku wa kienyeji 18,000, juisi ya ubuyu 2,500, bakuli la maziwa mgando 4,000. Pale soko la Sabasaba unaweza kupata ugali na mlenda kwa chini ya nusu ya bei hiyo, na mara nyingine mlenda wenye magadi ya kutosha. Nilimuuliza mwenye mgahawa tofauti hiyo inatoka wapi, akajibu kwamba hununua majani na nafaka moja kwa moja kwa kina mama wa vijijini wakati wa mavuno, kwa fedha taslimu, kisha hubeba gharama ya kuhifadhi kwa miezi yote inayofuata. Maelezo hayo nayaona ya haki kwa mlenda na kwa uwele. Kwa juisi ya ubuyu, ambayo mibuyu yake iko langoni, siyaoni hivyo.

Huduma ni ya heshima lakini ya polepole, na wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, upolepole huo hugeuka adha, kwa kuwa magari ya wageni wa mjini hujaza kiwanja tangu saa sita mchana na wenyeji husukumwa meza za juani. Ningeshauri uende kati ya Agosti na Novemba, siku ya kazi, kabla ya saa saba. Agiza ugali wa uwele mdogo, mlenda mkavu na majani ya kunde kwa karanga, mwambie mhudumu wazi kwamba unautaka mlenda wenye utelezi wa nyumbani, omba maji ya mtungi mara tu unapoketi, na kuku muagize kwa simu asubuhi ili umkute ameiva. Jumatatu hawafungui.